Unene wa shina na upana wa taji kwa miti ya mjini: tupime vipi, tukokotoe vipi?

KambaNaTimazi · #1

Wadau, uzi huu ni wa wanaopanda, kupogoa na kuhesabu miti ya barabarani na viwanjani. Kila anayechora barabara au ua huuliza jambo moja: mti wenye shina la unene huu, kivuli chake kina upana gani? Jibu fupi: shina linatabiri taji (matawi na majani yote ya juu) vizuri kama vipimo vimechukuliwa sawasawa, kila aina ya mti imewekwa peke yake, na panga halijapita. Ukikosa hata moja kati ya hayo, namba unayopata ni pambo.

Tuanze na shina, maana makosa mengi huanzia hapo.

Kipenyo hupimwa usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Wamarekani hutumia futi 4.5, ambayo ni mita 1.37. Tofauti hiyo ni ndogo kwa shina lililonyooka, lakini ukichanganya takwimu zao na zako, andika. Kifua chako si kipimo. Chukua fito, tia alama kwenye 1.3, isimamishe pembeni ya shina. Mti ukiwa kwenye mteremko, simamisha fito upande wa juu. Kama kuna kifusi au mboji imelundikwa shinani, isukume kwanza, la sivyo unapima kuanzia juu ya taka.

Zungusha futikamba kwa mkao wa kukata shina mraba. Ikilala upande mmoja inasoma zaidi, haijawahi kusoma pungufu. Ondoa mizabibu na waya, ila gome usilibandue. Mzingo ugawe kwa 3.1416. Mzingo wa sm 94 ni kipenyo cha sm 29.9. Futikamba ya fundi cherehani ina sm 150, kwa hiyo inaishia shina la sm 47.7, kwa miti mikubwa zaidi tafuta ndefu, usiunganishe mbili kwa pini.

Uvimbe, kovu la tawi au jeraha la gari likiwa palepale kwenye 1.3, panda au shuka hadi shina linaporudi kwenye umbo lake, upime hapo, na uandike umepima urefu gani. Mti wenye mizizi iliyopanda shina kama kuta, pima juu ya kuta hizo.

Mwanamji · #2

Asante mkuu. Mingi ya miarobaini mitaani ina panda chini kabisa, mashina matatu au manne kutoka kwenye kisiki kimoja. Unajumlisha vipenyo?

KambaNaTimazi · #3

Hapana, hilo ndilo linaloharibu majedwali mengi. Panda ikiwa chini ya mita 1.3, pima kila shina peke yake, zidisha kila kipenyo kwa chenyewe, jumlisha, kisha toa kipeo cha pili. Mashina ya sm 18, 22 na 15: 324 + 484 + 225 = 1,033, kipeo chake cha pili ni 32.1. Mti huo unahesabiwa kama wa sm 32. Ukijumlisha moja kwa moja unapata 55, na mlinganyo wowote utakupa taji ambalo mti huo haujawahi kuwa nalo.

Sababu ni kwamba kinachobeba majani ni eneo la mkato wa shina, si upana wake. Weka pia safu ya idadi ya mashina, kwa kuwa miti ya namna hii hutanuka mapema kuliko yenye shina moja na utataka kuichambua kando.

Bi Kivuli · #4

Nianze upande wa taji, maana watu hupima shina kwa milimita halafu taji wanalikadiria kwa hatua za miguu.

Unahitaji watu wawili, tepu ya mita 30, dira na timazi. Simu ina dira, lakini ikikaribia gari au mlingoti wa chuma inapotea, kwa hiyo soma uelekeo ukiwa hatua kadhaa mbali na vyuma. Pima pande nane: kaskazini, kaskazini mashariki, mashariki, na kuendelea. Pande nne zinatosha kama taji ni la mviringo. Uelekeo uwe umepangwa kabla ya kufika chini ya mti. Ukichagua ukiwa hapo, jicho linakimbilia matawi marefu na upana unavimba.

Mmoja anashika tepu kwenye gome, mwingine anatembea hadi ncha ya matawi iwe juu ya utosi wake. Hapo ndipo timazi linapohitajika: ukiinua kichwa kutazama juu bila kitu cha kukuongoza, mwili unaegemea nyuma na unasoma sm 30 au 50 ambazo hazipo. Inua timazi kwa mkono, uzi uguse majani ya mwisho, soma tepu pale jiwe linapoelekea.

Tepu ilianzia kwenye gome, si katikati ya shina. Ongeza nusu ya kipenyo cha shina kwenye kila upande. Shina la sm 60 lililosahaulika linakunyang'anya sm 60 nzima kwenye upana wa taji.

Wastani nao una njia mbili. Ukitaka upana, chukua wastani wa kawaida wa pande zote, zidisha mara mbili. Ukitaka eneo la kivuli, zidisha kila upande kwa wenyewe kwanza, ndipo utafute wastani. Mfano wa pande nne: m 6, 4, 3 na 5. Wastani ni 4.5, eneo linatoka m² 63.6. Kwa njia ya pili, 36 + 16 + 9 + 25 gawa kwa 4 ni 21.5, eneo m² 67.5. Mti ulioegemea barabara kwa sababu ya ghorofa upande wa pili, pengo hilo linakuwa kubwa zaidi, na miti ya mjini mingi ndivyo ilivyo.

Tawi moja lililochomoza peke yake likiangukia kwenye uelekeo wako, lipime. Likiangukia kando, liache. Ukianza kusamehe na kuhukumu matawi, hakuna mtu wa pili atakayepata namba zako.

Mpogoaji · #5

Na wakati wa mwaka je? Mkungu unapukutisha, mkrismasi unapukutisha.

Bi Kivuli · #6

Upana unapimwa kwa ncha za matawi, hivyo mti mtupu unapimika vizuri tu. Kinachobadilika ni wingi wa kivuli, si upana wake. Mnazi pekee ndio usiuguse wakati makuti makavu bado yananing'inia. Pima makuti ya kijani.

Hesabu za Mtaa · #7

Nieleze uhusiano wenyewe. Maji yanapanda kupitia tabaka la nje la mti lililo hai. Majani mengi yanadai eneo kubwa la tabaka hilo. Shinozaki na wenzake huko Japani walilieleza hili mwaka 1964, wakiuchukulia mti kama fungu la mabomba, kila bomba na majani yake. Sababu ya pili ni upepo: taji likipanuka, upepo unalisukuma kwa nguvu zaidi, na shina linajibu kwa kunenepa. Kwa hiyo vitu hivi viwili vinakua pamoja.

Ila havikui kwa kasi moja. Tazameni mlinganyo wa Krajicek na wenzake wa mwaka 1961, wa mialoni na mihikori ya Marekani iliyoota mahali pa wazi. Nikiubadilisha kuwa mita na sentimita: upana wa taji = 0.95 + 0.22 × kipenyo. Shina la sm 10 linatoa taji la m 3.1, mara 31 ya shina. Sm 30 linatoa m 7.5, mara 25. Sm 60 linatoa m 14.1, mara 23 na nusu. Si miti yetu, msiutumie Kinondoni. Nimeuleta muone uwiano unavyoshuka hata mstari ukiwa umenyooka. Anayetembea na kanuni ya "zidisha kwa 25" atapunja miti michanga na kuikuza mizee.

Kwa aina nyingi mstari wenyewe unapinda. Taji linafika kikomo, kwa majirani, kwa urefu wa matawi yanayoweza kujibeba, kwa maji, wakati shina linaendelea kuongeza tabaka kila msimu. Ndiyo maana tunatumia vipeo: upana = a × kipenyo^b, na b huwa chini ya 1. Ikiwa b ni 0.7, shina likiwa nene mara mbili, taji linapanuka mara 1.62 tu.

Kutengeneza mlinganyo wa mtaa wenu:

Chagua aina moja. Tafuta miti 30 au zaidi, iliyosambaa kuanzia sm 5 hadi mikubwa kabisa. Miti 30 yote ya sm 20 hadi 30 haikufundishi chochote. Kwenye Excel weka safu ya ln (logi asilia) ya kipenyo na safu ya ln ya upana. SLOPE inakupa b, INTERCEPT inakupa ln ya a, STEYX inakupa mtawanyiko, tuuite s. Ukirudisha kutoka kwenye ln, kwa exp (kinyume cha ln), zidisha jibu kwa exp(s²/2), la sivyo unapunguza wastani. Kwa s ya 0.25 marekebisho hayo ni asilimia 3, madogo, lakini yakizidishwa kwa miti elfu tano yanaonekana.

Hiyo s ndiyo ya kuangalia kabla ya kitu kingine chochote. Kwa s ya 0.25, mti uliotabiriwa taji la m 8 unaweza kuwa popote kati ya m 4.9 na 13.2 katika miti 95 kati ya 100. Maana yake: kwa mtaa mzima mlinganyo unafaa sana, makosa yanafutana. Kwa mti mmoja mbele ya nyumba ya mtu, nenda na tepu.

Mwanamji · #8

Milinganyo ya watu wengine haiwezi kutusaidia kabisa? Si lazima kila manispaa ianze sifuri.

Hesabu za Mtaa · #9

Inasaidia kwa tahadhari. Idara ya Misitu ya Marekani ilitoa mwaka 2016 hifadhidata ya miti ya mjini iliyoandaliwa na McPherson, van Doorn na Peper: miti zaidi ya 14,000, aina 171, miji 17. Honolulu imo, na huko ndiko utakuta hali ya joto inayofanana kidogo na pwani yetu. Kila mlinganyo umeandikiwa mipaka ya vipenyo vilivyopimwa. Heshimu mipaka hiyo. Baadhi ya milinganyo ni ya kipeo cha pili au cha tatu, na ukivuka ukingo wa data mchoro unageuka, mti unaanza kusinyaa kadiri shina linavyonenepa. Kompyuta haitakuonya.

Usichukue milinganyo ya msituni. Msituni mti unabanwa na wenzake, unapanda juu na kuacha matawi ya chini. Shina hilohilo mjini, lenye jua pande zote, lina taji pana zaidi. Upande wa uzito mambo yanageuka: mti wa wazi ni mfupi kuliko wa msituni wenye shina sawa, na mingi imekatwakatwa. Ndiyo maana hesabu za i-Tree, programu ya kukadiria faida za miti, huzidisha uzito uliotokana na milinganyo ya msituni kwa 0.8 kwa miti ya wazi mjini. Mwenye kuuza hadithi ya kaboni ya miti ya barabarani aanze hapo.

Shamba la Mjini · #10

Tuje kwenye aina zetu, maana hapa ndipo wachoraji wa bustani wanapoanguka.

Mwarobaini ndio mti mzuri kuanza nao. Upo kila mahali, unenepaji wake unaendana na taji, na mzee ulioachwa wazi hufikia upana wa m 15 hadi 20. Mchoro unaouwekea duara la m 5 kwa kuwa mche ulikuwa mdogo ni mchoro wa kumsumbua mtu baadaye.

Mkungu unajenga ghorofa: matawi yanatoka kwa mzunguko, yanalala, shina linaruka, mzunguko mwingine unatoka. Ukiwa mchanga unaonekana mwembamba na mrefu, halafu ghorofa za chini zinasambaa. Ukitumia mlinganyo mmoja kwa michanga na mizee, mabaki (umbali wa kila mti kutoka kwenye mstari) yatakuwa chini ya mstari upande mmoja na juu yake upande mwingine.

Mkrismasi upana wake huzidi kimo chake. Ukiupanda m 3 kutoka ukutani unaomba kupogoa upande mmoja maisha yote, na mti uliopogolewa upande mmoja unaegemea barabarani.

Mwashoki ule mrefu wa matawi yanayoning'inia usiuingize kwenye hesabu za kivuli. Shina linanenepa, taji linabaki nguzo. Wanaoupanda kama mti wa kivuli wamenunua uzio.

Mnazi na jamaa zake: hakuna uhusiano. Shina la mnazi haliongezi tabaka kila mwaka kama la mwembe. Likishatoka ardhini unene wake umeamuliwa. Upana wa taji ni urefu wa makuti, m 4 hadi 6 kila moja kwa mti uliokomaa. Uwe na urefu wa m 6 au m 20, taji karibu ni lile lile. Andika kimo, acha kipenyo.

Mbuyu nao uwe peke yake. Shina limejaa maji, linavimba masika na kunywea kiangazi, na la mzee mara nyingi lina pango. Shina la m 3 lenye taji la m 20 si ajabu, uwiano hata 7 haufiki.

Mwembe: wa mbegu na wa kubebesha ni vitabu viwili tofauti. Wa kubebesha hutanuka mapema ukiwa chini, na wenye shamba huupunguza kila baada ya mavuno. Usiwachanganye.

Mpogoaji · #11

Nilikuwa nasubiri mfike kwenye panga. Shina halipungui. Ukikata kichwa cha mwarobaini wa sm 50 kwa ajili ya nyaya za umeme, kesho bado ni sm 50, na taji ni m 3. Kwenye mchoro mti huo unakaa chini kabisa ya mstari. Miti ya chini ya nyaya ikiwa theluthi ya sampuli, mstari wote unashuka, kisha mnautumia kutabiri miti ambayo haina nyaya.

Andikeni hali ya upogoaji kwa namba: 0 haijaguswa, 1 matawi ya chini yameinuliwa kwa ajili ya magari, 2 upande mmoja umekatwa, 3 kichwa kimekatwa. Mlinganyo wa "mti unaweza kufika wapi" utumie 0 na 1 peke yake. Kisha miti ya 2 na 3 ipimeni dhidi ya mstari huo. Mti wenye nusu ya taji inayotarajiwa na hauna alama ya panga ndio wa kuutazama kwa karibu: mizizi imekatwa na mtaro, udongo umeshindiliwa chini ya pevingi, au ncha zinakufa. Tazama juu kama matawi makavu yako kwenye ncha za kilele. Hiyo ni kiu ya mizizi. Yakiwa chini na ndani, ni kivuli tu cha mti wenyewe.

Jambo jingine: mti uliokatwa kichwa unachipua vijiti vingi vilivyosimama wima. Ndani ya misimu michache upana unaweza kuonekana umerudi, lakini vijiti hivyo vimeshikilia gome la nje tu na upepo wa kusi unavichomoa. Kwenye takwimu umepona, mtaani ni hatari.

Picha za Angani · #12

Kwa wanaofanya kinyume, yaani wana picha za droni na wanataka kukisia shina: msigeuze mlinganyo kwa aljebra. Mstari wa taji juu ya shina na mstari wa shina juu ya taji ni mistari miwili. Uhusiano ukiwa na R² (kipimo cha jinsi mstari unavyoshika data, 1 ikiwa kamili) ya 0.8, kuugeuza tu kunakupa mteremko uliozidi kwa asilimia 25. Miti mipana inapata mashina manene kuliko kweli, miembamba inapunjwa. Fanyeni regresheni (kutafuta mstari unaofaa data) upya, shina likiwa upande wa kutabiriwa.

Tatizo la pili ni mataji yaliyogusana. Miarobaini mitatu iliyopandwa kwa m 5 inaonekana juu kama mti mmoja mpana, na programu inakupa shina moja kubwa badala ya matatu ya wastani. Tembeeni angalau mitaa michache na kuhesabu mashina kwa miguu, mpate kiwango cha kosa hilo. Tatu, msipime kivuli mkadhani ni taji. Picha ya asubuhi ina doa jeusi ndefu upande wa magharibi wa kila mti.

Mwanamji · #13

Haya, sasa mtu anapanga mstari wa miarobaini mbele ya shule Dar. Atumie nini kwa nafasi?

Bi Kivuli · #14

Aamue kwanza unene wa shina anaoupangia, tuseme sm 40, aangalie mlinganyo wa miarobaini ya mtaa wake isiyoguswa unasema taji gani. Tuseme m 9. Akitaka kivuli kishikane, nafasi ya m 7 hadi 8 inatosha, ncha zitaingiliana kidogo. Akitaka kila mti upimike na upogoleke peke yake, m 10. Kutoka ukutani: nusu ya taji na mita moja juu yake, hapo ni m 5.5.

Na kivuli hakikai chini ya mti mwaka mzima. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na tena katikati ya Oktoba, jua la saa sita linapita karibu utosini, kivuli kiko chini ya taji hasa. Juni jua liko kaskazini, na taji ambalo katikati yake ni m 6 juu linatupa kivuli karibu m 3.5 kusini. Desemba kinahama m 1.8 kaskazini. Benchi za wanafunzi ziwekwe kusini kidogo ya mstari wa miti. Desemba shule zimefungwa.

Hesabu za Mtaa · #15

Niongeze la mizizi, kwa sababu wakandarasi huuliza. Kiwango cha Uingereza, BS 5837 cha 2012, kinalinda duara lenye nusu kipenyo mara 12 ya kipenyo cha shina, likipimwa m 1.5 juu ya ardhi, na kikomo cha m 15. Shina la sm 40 linapata m 4.8, eneo la m² 72. Kwa mti ambao taji lake ni mara 24 ya shina, duara hilo linaangukia palepale kwenye ukingo wa matone, yaani chini ya ncha za taji. Kwa mwashoki, taji lingekudanganya uchimbe mtaro m 1.5 kutoka shinani. Kwa mti uliokatwa kichwa vivyo hivyo. Kwenye kuchimba, fuata shina. Taji liache kwa wanaopanga mabenchi.

Mpogoaji · #16

Na kwa mbuyu msiifuate hata hiyo, mara 12 ya shina la m 3 ni m 36. Kikomo cha m 15 ndicho kinachotumika hapo.